Wakili kwanza, stika baadaye

Dada yangu anatengeneza unga wa lishe Morogoro. Alianza na mashine ya kukodi na mabeseni matatu, sasa hivi ana akina mama wanne wanaomsaidia kuchambua mahindi, kukaanga karanga na soya, kupima na kufunga, na unga wake unafika mpaka maduka ya Chalinze na Kibaha. Mwaka juzi alichapa stika elfu tano, nzuri kweli, juu maneno makubwa LISHE BORA na chini picha ya mtoto ameshika kijiko. Kabla ya kuchapa alifanya kile ambacho kila mtu alimwambia afanye, akaingia kwenye mfumo wa BRELA, ile ofisi ya serikali inayosajili biashara, akasajili jina la biashara lenye maneno hayo hayo, akalipia kwa kontrol namba, cheti kikatoka, akakiwekea fremu akakitundika ukutani juu ya mzani. Basi, akalala usingizi.

Miezi kama minane baadaye mtu mwenye mtaji mkubwa kuliko yeye akaingiza sokoni unga wake, pakiti ya kung'aa, na juu imeandikwa hivyo hivyo, lishe bora. Wateja wakaanza kumpigia dada wakimpongeza kwa pakiti mpya. Akakitoa cheti kwenye fremu akaenda nacho kwa wakili mjini, akitegemea itaandikwa barua moja kali na mambo yataisha. Wakili, mama mtu mzima hivi, akakisoma, akamrudishia kwa mikono miwili, akamwambia, "Mwanangu, hiki cheti hakikupi nguvu ya kumzuia. Na hata ungekuja kwangu mapema ningekwambia hayo maneno peke yake hayasajiliki kuwa yako." Maongezi yalichukua kama nusu saa. Nusu saa hiyo hiyo, kwa bei hiyo hiyo, ingefanyika kabla ya stika, dada angekuwa mbali sana leo.

Tangu siku ile nimekuwa naangalia jinsi wajasiriamali wetu tunavyopanga mambo na naona tumepanga kinyume. Mtu anaota jina, anamtafuta dizaina wa logo, anachapa stika, anafungua ukurasa Instagram, anapeleka sampuli TBS, shirika la viwango, anatafuta barkodi, anaingia supamaketi, na siku mtu anapomchokoza ndio anauliza, hivi hili jina langu nimelisajili kweli? Wakili anaitwa mwisho kabisa, kama daktari anayeitwa msibani. Na wengi tukisikia ushauri wa kisheria tunafikiria mahakama, kesi, mapesa mengi, majoho. Kumbe kwenye alama ya biashara, yaani jina au picha inayotambulisha bidhaa yako, ushauri wenye thamani kuliko wote ni ule wa mwanzo kabisa, wakati jina bado liko kwenye karatasi ya daftari na kulibadilisha hakugharimu hata shilingi.

Tuanze na hili la cheti maana hapa ndipo wanapoumia wengi. BRELA ni ofisi moja lakini inasajili vitu tofauti. Kuna jina la biashara, lipo chini ya Sheria ya Majina ya Biashara, Sura ya 213, na kazi yake kubwa ni kuweka wazi nani yuko nyuma ya jina, yaani kama unaitwa Asha na duka unaliita Mwangaza basi watu na serikali wajue Mwangaza ni Asha. Kuna kampuni, chini ya Sheria ya Makampuni ya 2002. Halafu kuna alama ya biashara, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma Namba 12 ya 1986, na hii ya tatu ndiyo peke yake inayokupa haki ya kusema hili ni langu na wewe usilitumie kwenye bidhaa za aina hii. Zote unaziombea kwenye mfumo ule ule ulioanza 2018, kwa akaunti ile ile ya namba ya NIDA, unalipia kwa kontrol namba zile zile. Sasa mtu aliyesoma mpaka darasa la saba na ana watoto wa kulisha atajuaje kwamba cheti cha kwanza na cha tatu ni mbingu na ardhi? Mimi naona BRELA wangeweza kusaidia sana kwa sentensi moja tu, pale mtu anapomaliza kusajili jina la biashara itokee kwa Kiswahili kikubwa kwamba usajili huu haukupi umiliki wa jina kama alama ya bidhaa zako. Sentensi moja ingeokoa stika nyingi.

TBS nayo watu wanaichanganya. Alama ya ubora inasema bidhaa imekidhi viwango, haisemi jina ni la nani. Barkodi hivyo hivyo, ni ya kutambua bidhaa kaunta. TIN ni kodi. Leseni ni ruhusa ya kufanya biashara. Unaweza ukawa na vyote hivi, ukawa mlipa kodi mzuri kuliko wote mtaani, na jina likawa linaelea tu hewani halina mwenyewe.

Sasa turudi kwa maneno ya yule mama wakili, kwamba hayasajiliki. Dada alikasirika, nami nilikasirika, tukaona kama sheria inawapendelea wakubwa. Nilipokaa nikatulia nikaelewa kwamba sheria hapo inatulinda sisi wadogo. Maneno yanayoelezea bidhaa yenyewe, ubora wake, inakotoka, kazi yake, ni maneno ya kila mtu. Fikiria mmoja angeruhusiwa kumiliki neno lishe kwenye unga, wengine wangeandika nini? Fikiria mfanyabiashara mmoja tajiri wa Dar angemiliki maneno mchele wa Kyela, halafu mkulima wa Kyela mwenyewe azuiwe kuandika kwenye gunia lake! Ndio maana msajili wa alama pale BRELA anakataa maneno ya aina hiyo yakija peke yake, au anayakubali yakiwa ndani ya alama kubwa zaidi kwa sharti kwamba mwombaji akubali kwa maandishi kuwa hayo maneno ya kawaida hayadai. Na hiyo huwa inamkuta mtu hajui, anapata cheti cha alama, anafurahi, kumbe kwenye kile cheti, kilicholindwa ni mchoro na mpangilio, neno lenyewe limewekwa pembeni.

Waswahili tunalijua hili kwa uchungu. Mwaka 2007 watu wa Kenya waligutuka kusikia kuna kampuni Uingereza imeomba kusajili neno kikoy kuwa alama yake kule. Kikoi! Kitambaa ambacho pwani nzima kuanzia Lamu mpaka Kilwa watu wanajifunga tangu enzi za mababu. Kilichosaidia ni kwamba kuna watu, wakiwemo wanasheria, walijua kwamba ombi la alama huwa lina dirisha la kupingwa na wakaingia kwenye dirisha kabla halijafungwa, ombi likafia njiani. Hoja yao kubwa ilikuwa hii hii, neno ni jina la kitu chenyewe, haliwezi kuwa la mtu. Sheria ile ile iliyomkatalia dada maneno yake ndiyo iliyookoa kikoi.

Kwa hiyo jina zuri la kibiashara ni lipi? Hapa ndipo ninapoona kazi ya wakili ni ngumu kweli, maana anatakiwa akushawishi uache jina unalolipenda. Sisi tunapenda jina linalojieleza, Asali Safi, Maziwa Fresh, Viungo Asilia, kwa sababu mteja akiliona anajua ni nini, huhitaji tangazo. Na kadiri jina linavyojieleza ndivyo linavyokuwa dhaifu kisheria. Angalia majina makubwa ya hapa nyumbani. Azam haisemi chochote kuhusu ngano, wala juisi, wala boti ya Zanzibar, wala televisheni, ila leo ukisikia Azam unajua. Jina la kubuni linachelewa kuingia kichwani kwa mteja, gharama yake unailipa mwanzoni kwa kulitangaza sana, ila likishaingia hakuna wa kukunyang'anya. Njia ya katikati ipo pia, neno la kawaida kabisa ila halihusiani na bidhaa, tembo kwenye saruji, simba kwenye sabuni, shida yake ni kwamba wanyama wazuri wengi wameshachukuliwa na wakubwa zamani.

Daraja la bidhaa ndio eneo ambalo nilikuwa sijui kabisa na sidhani kama dada peke yake angelivuka. Bidhaa na huduma zote duniani zimepangwa kwenye madaraja 45, ule mpango uliokubaliwa mji wa Nice kule Ufaransa mwaka 1957, madaraja 34 ni ya bidhaa na 11 ni ya huduma. Unaposajili unasajili kwenye daraja, na kwetu Tanzania bara ombi moja ni daraja moja, ukitaka mawili unalipa mara mbili. Sasa unga wa lishe ni daraja gani? Mimi ningejibu haraka haraka ni 30, ndiko uliko unga, kahawa, chai, viungo, mkate. Wakili akamuuliza dada, huu unga wako unawauzia watu gani hasa? Dada akasema akina mama wenye watoto wa miezi sita na kuendelea. Wakili akasema basi tuna shida kidogo, chakula cha watoto wachanga kiko daraja la 5, pamoja na dawa. Na ile siagi ya karanga ambayo dada anafikiria kuanza nayo mwakani, hiyo iko 29. Yaani mwanamke mmoja, jiko moja, gunia moja la karanga, madaraja matatu. Huwezi kumtegemea kijana wa stationery aliyekufungulia akaunti ajue hayo, na kosa lake huwezi kuliona leo, utaliona miaka minne mbele siku unapotaka kumzuia mtu anayeuza uji wa watoto kwa jina lako ukaambiwa usajili wako ni wa unga wa chapati.

Na ukielewa madaraja utaelewa pia ile habari ya Hakuna Matata iliyotuchoma wengi mwishoni mwa 2018. Kampuni ya Disney iliomba alama hiyo Marekani 1994, ikasajiliwa 2003, kwenye daraja la 25, nguo. Ilipokuja kusikika kote, mtu mmoja wa Zimbabwe akaanzisha ombi la kuipinga na watu zaidi ya laki moja wakasaini. Nilisaini kwa moyo na sijutii, kwa sababu maneno ya watu kuwekewa uzio na kampuni ya mbali inauma. Ila wengi tuliamini kwamba tumekatazwa kusema hakuna matata, au kwamba muuza fulana wa Forodhani atakamatwa. Usajili ule ni wa Marekani na ni wa nguo. Haufiki Forodhani. Tungekuwa tunajua hivyo tungeelekeza hasira mahali pake, kwamba je wachuuzi wetu wanaopeleka fulana Marekani watafanyaje, hilo ndilo swali la kweli na ni la kumpelekea mwanasheria.

Upande wa pili wa hili ni kesi ya Kenya. Sony, hii hii ya Japan ya redio na televisheni, ilipinga kampuni ya Kenya iitwayo Sony Holding isisajili alama yake, ikashindwa kwa msajili na Mahakama Kuu ya Nairobi mwaka 2018 ikaikatalia tena. Jina kubwa namna hiyo! Ukitaka kulinda jina nje ya bidhaa zako lazima ulete ushahidi kwamba hapa nchini watu wanalijua hivyo, na kusema tu mimi ni maarufu haikutosha. Sasa kama Sony waliambiwa lete ushahidi, mimi na wewe tunaosema "mbona mtaa mzima wananijua" tutaambiwaje?

Kuna kutafuta, yaani kuangalia kwenye rejista kama kuna mwenzio ameshatangulia. Watu wengi wanafanya hivi kwa kuandika jina Google au Instagram, wakiona halipo wanaendelea. Rejista ya alama ni kitu kingine, na hata ukipewa majibu ya rejista bado kuna kazi ya kuyasoma, kwa sababu kinachozuiwa ni pamoja na jina linalofanana kiasi cha kumchanganya mnunuzi, lisilazimike kuwa lile lile. Kenya mwaka 2001 mahakama ilisimamisha dawa iliyoitwa Tri-Histina kwa sababu ya Trihistamin iliyokuwepo sokoni. Ukiziandika zinatofautiana, ukizisema haraka dirishani hazitofautiani.

Na mnunuzi wetu sisi tunamjua. Anasimama nje ya duka lenye nondo, hashiki bidhaa, anasema kwa mdomo, "Mangi nipe ile ya mamba," au anamtuma mtoto wa miaka saba na shilingi elfu mkononi. Mnunuzi huyu ananunua kwa sikio na kwa picha. Kwa wengi wetu r na l ni mtu na nduguye, hivyo Lulu na Ruru dukani ni kitu kimoja. Kwa hiyo wakili mzuri wa hapa kwetu anatakiwa alisome jina kwa sauti, alisome kwa lafudhi za watu mbalimbali, na akushauri kama usajili neno peke yake, au picha peke yake, au vyote kila kimoja na ombi lake. Yule mama alimwambia dada kwamba kama pesa ni ya ombi moja tu basi neno litangulie, rangi na mchoro unaweza kuvibadilisha ukikua ila neno utakaa nalo. Na kwamba logo ikipelekwa, ipelekwe nyeusi na nyeupe, ili ulinzi usijifunge kwenye rangi moja. Vitu vidogo hivi ndivyo unavyolipia.

Nisimame kidogo kwenye swali la alama iwe kwa jina la nani, kwa sababu hili limenigusa mwenyewe. Nikiwa chuo tulikuwa watatu tunachapa fulana, tukawa na jina, likapendwa, likaanza kuingiza hela. Aliyekuwa na akaunti kwenye mfumo ni mmoja wetu, tukasema basi wewe tuombee, tulikuwa marafiki wa kula sahani moja. Hatukumtafuta mtu yeyote wa sheria kwa sababu tuliona ni kujaza fomu tu. Tulipokuja kutofautiana alama ilikuwa yake peke yake, kwa jina lake, na sisi wawili hatukuwa na karatasi hata moja. Simlaumu sana, karatasi ndivyo ilivyosema. Ila urafiki ule haukurudi mpaka leo, na kila nikiona fulana zile mtaani moyo unashtuka. Maswali mawili tu ya wakili yangetutosha: mnafanya kama ubia au mnafungua kampuni, na mmoja akiondoka jina linabaki na nani? Hakuna rafiki anayeweza kumuuliza mwenzake hivyo bila kuonekana ana roho mbaya. Mtu wa nje anaweza.

Dizaina naye yuko humo. Aliyechora logo yako ndiye mtunzi wa mchoro, na hakimiliki ni sheria nyingine, ya 1999, inasimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kumlipa elfu hamsini kwa Mpesa kunathibitisha umemlipa, hakuthibitishi amekuhamishia haki zake. Karatasi ya ukurasa mmoja, sahihi yake na yako, mapema kabla logo haijawa na thamani, atasaini huku anacheka. Ukimfuata baada ya bidhaa kuonekana kwenye televisheni hatacheka.

Mipaka ya nchi niseme kwa kifupi ila mtu asiipite. Usajili wa Tanzania bara hauvuki Namanga, hauvuki Tunduma, na hauvuki hata bahari kwenda Unguja, maana Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2008 na ofisi yao, BPRA, kwa hiyo ukiuza Darajani unahitaji usajili wa huko pia. Wafanyabiashara wa Kongo wanaokuja Kariakoo kubeba mzigo, kama wananunua bidhaa yenye jina lako kwa wingi, kuna siku mmoja anaweza kulisajili kwao kabla yako. Ukishaomba hapa una miezi sita ya kuomba kwenye nchi nyingine zilizo kwenye Mkataba wa Paris, ule wa kulinda alama na uvumbuzi, huku ukihesabiwa tarehe yako ya kwanza, na majirani zetu wengi wamo. Miezi sita inapita kama wiki.

Haya, huyo mshauri anapatikana wapi? Hapa niwe mkweli, lawama ziko pande mbili. Nje ya ofisi nyingi za serikali kuna vishoka, watu wa "nipe laki na nusu nakumalizia kila kitu", na wapo waliochukua pesa za kusajili alama wakarudisha cheti cha jina la biashara, mteja akashukuru. Wakili wa kweli unaweza kumhakiki mwenyewe, Mahakama wana mfumo wa e-Wakili, unaandika jina lake unaona kama ameruhusiwa kufanya kazi mwaka huu. Fanya hivyo bila aibu, hata kama ameletwa na mjomba.

Ila mawakili nao. Wengi wanaofanya kazi hizi wamezoea wateja wa nje, makampuni makubwa ambayo kwa sheria lazima yawe na mwakilishi hapa nchini, na bei zao wamezipanga kwa macho hayo. Mama wa unga akiuliza anatajiwa bei ya mzigo mzima kuanzia kutafuta mpaka cheti, anashtuka, anaondoka, anaangukia kwa kishoka. Mimi naamini wangeuza ule ushauri wa mwanzo peke yake, saa moja, bei inayojulikana, jina lipi na daraja gani na kwa jina la nani, halafu kujaza fomu mtu ajaze mwenyewe kwenye mfumo kama anaweza, na Mtanzania anaruhusiwa kabisa kujiombea. Wangepata wateja wengi na wangeokoa biashara nyingi. Wakati wa Sabasaba BRELA wanakuwa na banda lao pale viwanjani Barabara ya Kilwa, nenda, wanaeleza vizuri na ni bure, ila kumbuka yule ofisa ni mtu wa ofisi itakayolipima ombi lako, hawezi kukaa upande wako akuambie acha hili jina chukua lile, mpinzani wako akija jibu hivi.

Kwa sababu mpinzani anaweza kuja. Ombi likikubaliwa linatangazwa kwenye jarida la msajili na kuna siku 60 za mtu yeyote kupinga. Ukipingwa hapo ndio wakili unamhitaji kweli kweli, tarehe za kujibu zikipita ombi linahesabika umeliacha. Na dirisha hilo hilo ni lako pia kwa maombi ya wengine, kuna watu wamepoteza haki kwa sababu hawajawahi kulifungua lile jarida hata siku moja. Usipopingwa cheti kinatoka, kinahesabiwa tangu siku uliyoomba, miaka 7 ya kwanza halafu unahuisha kwa miaka kumi kumi. Hapo sasa hata mtu akighushi bidhaa yako una kitu cha kupeleka Tume ya Ushindani, FCC, wana mamlaka ya kukamata bidhaa bandia na watataka kuona alama ni yako. Bila usajili bado sheria inakuruhusu kumshtaki anayejifanya bidhaa yake ni yako, ila mzigo wa kuthibitisha ni wako wote, kwamba unajulikana, kwamba wateja wamedanganyika, kwamba umepata hasara, na huo ni mzigo wa wenye pesa.

Dada alirudi kwa yule mama wakili wiki mbili baada ya ile siku ya cheti. Walikaa na orodha ya majina tisa yaliyoandikwa nyuma ya daftari la madeni, mama akawa anayasoma moja moja kwa sauti, anafuta. Yakabaki mawili, rejista ikaondoa moja. Lililobaki ni neno ambalo bibi yetu alikuwa anamwita dada akiwa mdogo, halina maana yoyote mahali popote nje ya familia yetu, na dada kanikataza kulitaja kabla ya wakati. Ombi limeingia madaraja mawili, la 5 na la 30, siagi ya karanga itasubiri pesa. Mwezi uliopita likatoka kwenye jarida. Leo ni siku ya 38 kati ya zile 60, dada amezichora kwenye kalenda ya ukutani pale juu ya mzani kilipokuwa kile cheti, na unga bado anaufunga kwenye mifuko isiyo na stika, na wateja wake wa Kibaha wanauchukua hivyo hivyo.